Jozi ya Saba Tangu Uondoke

Mpendwa dada Safia,

Tangu tukuzike nashinda sana karata, na jambo hilo linaniudhi mno.

Unakumbuka nyumba za polisi kule Nsambya, Baba akiwa lindoni, wewe umetukalisha sakafuni mimi, kaka Musa na Mama, unatufundisha poka? Karata mbili mkononi, tano za wote katikati, na maharage makavu ya kuwekeana dau. Siku nilipopata jozi ya saba nilirukaruka kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi. Ukanitazama kwa huruma.

"Tuko wangapi hapa? Wanne? Basi kaa chini."

Ukanieleza kwamba karata zangu ni zilezile, ila kila mtu anayeongezeka ana nafasi yake ya kunizidi. Nikiwa na saba mbili mbele ya mtu mmoja, mara nyingi nitashinda. Mbele ya watatu, mara nyingi nitapigwa. Nawe ulinipiga kweli, hata baada ya kuhamia Kawempe, kila Jumapili tukishakula. Ulikuwa unakomba maharage yangu huku unanisifia nywele, mchokozi wewe.

Sasa tumebaki watatu, na jozi ya saba imepanda cheo. Haijafanya lolote la maana, ni wewe tu hupo. Kila niliposhinda nayo nilijisikia kama mtu anayelipwa kwa kifo chako, nikaamua sipokei malipo hayo. Nikawa nazitupa kifudifudi, najitoa kwenye mzunguko, kana kwamba bado umekaa pale na unaweza kunipiga. Hesabu inasema mimi mjinga. Iseme!

Jumapili iliyopita Musa akazifunua karata nilizotupa.

"Banange! Wewe iko na saba mbili halafu unatupa? Sasa unacheza nini?"

Nikapandwa na hasira, nikafunua zake, maana naye alikuwa ameshatupa. Tisa mbili! Kaka yetu akaangalia pembeni.

"Safia angenipiga tu," akasema.

Mama alikuwa na mbili na nane, takataka tupu, na maharage tuliyomwachia yamerundikana mbele yake. Hakucheka.

"Nyinyi munalilia yeye na karata? Mimi nilimzaa, nikamzika, na bado nacheza. Gawa!"

Nikagawa. Nikapata malkia wawili, nikasukuma maharage yangu yote katikati, nikashinda, na nikalia mbele yao bila kujificha. Tutacheza kila Jumapili hivyohivyo, watatu, wala sitatupa tena karata nzuri. Lakini mtu asije akaniambia siku hizi nina bahati. Hii siitaki, nachukua tu kwa kuwa Mama amesema. Mimi ningechagua kupigwa na wewe kila wiki mpaka nizeeke.

Lala salama, dada.

Mdogo wako, uliyemzoesha kushindwa