Mama na Magari Yaliyoitwa

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekuacha. Najua zamu za hospitali hazikupi hata nafasi ya kuugua kwa raha, lakini jitunze.

Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, watoto wazima. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na kila neno lenye "s" linamtoka na upepo. Mama naye mzima. Goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ukimuuliza atakwambia goti ni lake na hajaomba ushauri.

Sasa nikueleze lile jambo vizuri, maana siku ile sauti ilikuwa inakatika na wewe ukabaki umeshika maneno matatu: Mama, gari, moto. Nisamehe kwa kukutia hofu. Hakuna aliyeungua. Nakuomba tu usinicheke mpaka umalize kusoma.

Unalijua gari langu la shule ya udereva, lile jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kuokoa roho yangu. Mwezi wa nne nililetewa barua na wakala wa kampuni iliyolitengeneza. Nilisoma mstari wa kwanza na wa mwisho wa ukurasa wa kwanza, nikaelewa kwamba magari ya aina ile yanaitwa yarudi karakana, nikaikunja nikaitia kwenye kidroo cha dashibodi. Nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja wanaongojea mtihani wa barabarani, na gari likiingia karakana huwa halina haraka ya kutoka. Nikajiambia, baada ya mtihani.

Wiki mbili baadaye Mama akaona tangazo la magari hayo hayo gazetini. Unamjua anavyosoma gazeti, haachi kitu: zabuni, vifo, viwanja vinavyouzwa, watu wanaobadilisha majina. Tangazo lilikuwa limeminywa chini ya ukurasa kwa herufi za kutafutia lenzi. Akatoka nalo uani, akainama kwenye kioo cha mbele cha gari, akalinganisha namba ya chesisi tarakimu kwa tarakimu. Kisha akafungua kidroo kutafuta kadi ya gari ahakikishe, akakutana na barua yangu.

Mimi nilikuwa mezani nakula. Akasimama mlangoni na karatasi mbili, moja kila mkono.

"Umeisoma hii?"

"Nimeipitia, Mama."

"Nimepiga chapa barua za watu miaka thelathini na moja. Sijawahi kupiga barua ya kupitiwa. Soma. Kwa sauti."

Dada, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, na mwanafunzi wangu mmoja amekaa pale pale anangoja somo la saa nane, nikasoma kwa sauti. "Kasoro katika kitengo cha kielektroniki cha mfumo wa udhibiti wa breki, inayoweza kusababisha ongezeko la joto lisilokusudiwa." Nikarudia mara ya pili. Mwanafunzi akauliza, "Maana yake nini, mwalimu?" Nikamwambia sijui.

"Maana yake linaweza kuwaka moto," Mama akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Karibu na injini kuna kisanduku cha breki. Mafuta ya breki yanavuja humo ndani, yanafika kwenye umeme, na gari linaweza kuungua hata likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Watakubadilishia bure, lakini kabla ya hapo lisilale ndani wala karibu na jengo. Hayo yote yalikuwa ukurasa wa pili, ule ambao mimi sikuufungua. Na banda letu la gari, kama unakumbuka, limeshikana na chumba wanacholala watoto.

Mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Nikatoka nikalihamisha gari mpaka mwisho wa uwanja, kwenye uzio. Lakini nakuambia kweli, kwa kuwa wewe ni dada yangu na hakuna mwingine wa kumwambia: karakana sikulipeleka. Niliendelea kufundishia.

Mama yeye hakulilalia jambo hilo. Jioni ile ile alitoa taipureta chini ya kitanda, akaipangusa, akaweka karatasi tatu na kaboni mbili katikati. Alisema kama mwalimu wa udereva ameshindwa kuielewa barua ile, basi wenye magari wengine wako gizani. Akaipiga upya kwa maneno yake. Nakunakilia kama ilivyo:

"Ndugu mwenye gari. Gari lako linaweza kushika moto likiwa limezimwa. Usiliegeshe ndani, wala ukutani, wala chini ya ngazi. Lipeleke kwa wakala watengeneze bure. Usingoje."

Hiyo tu. Alipiga nakala zaidi ya arobaini. Asubuhi alikuwa anavaa viatu vyake vya kazini, vile vyeusi vya kamba, anakwenda kwenye maegesho ya sokoni na ya hospitali, akiona gari la aina yetu anabana karatasi chini ya waipa. Mwenye gari akiwepo, anazungumza naye.

Dada, watu ni wa ajabu. Mfamasia wa mtaa wa pili alisoma, akafunga duka saa ile ile, akaenda kwa wakala amevaa koti lake jeupe. Mwanamke mmoja anayeuza maua alisema gari lake halijawahi kumkosea adabu, haliwezi kuanza leo. Mwingine aliuliza, "Linaitwa na nani? Ni mtoto wa shule?" Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwenye heshima zake, alishukuru sana, na kesho yake akaliuza bila kumwambia mnunuzi kitu. Mama alipopata habari hiyo alipanda mabasi mawili, na goti lile lile, mpaka akampata mnunuzi. Alichomwambia yule mwalimu aliporudi sikuandikii, barua hii itasomwa na watoto.

Lakini aliyemshinda kweli alikuwa Polepole. Huyu ni dereva wa teksi, kijana wa watu mwenye maneno mengi, na jina hilo walimpa kwa kejeli kwa sababu hajawahi kwenda polepole tangu azaliwe. Anakaa kwenye lile jengo la ghorofa tatu nyuma ya kiwanda cha magodoro. Gari lake hulitia chini ya ngazi, kwenye kivuli, lisipigwe na jua. Na ngazi yenyewe ni moja, ya mbao. Familia sita ziko juu na hakuna njia nyingine ya kushukia.

Mama alimwendea mara ya kwanza, akacheka. Mara ya pili akasema, "Bibi, hawa wanataka kuitoa injini yangu nzuri wanipe mbovu. Nawajua." Mara ya tatu alifunga vioo akaongeza redio.

Siku ya nne Mama aliondoka nyumbani na kiti. Kile cha plastiki cha jikoni. Alikwenda akakiweka chini ya ngazi, mahali penyewe pa gari, akakaa, akatoa gazeti. Polepole akarudi saa saba mchana na njaa yake, akakuta njia imezibwa.

Akapiga honi. Mama akafungua ukurasa.

"Bibi, nakuheshimu, tafadhali ondoka hapo."

"Na mimi nakuheshimu. Pale kwenye tangi la maji kuna nafasi kubwa."

"Pale kuna jua! Viti vitapasuka!"

"Basi nigonge."

Wakati huo wanawake wa ghorofani wamejaa kwenye ngazi, watoto wamening'iniza vichwa kwenye mbao. Mmoja akamsomea Polepole ile karatasi kutoka juu, neno kwa neno. Wakaanza kuulizana wao kwa wao, kisha wakamwuliza yeye, kwa nini hakuwaambia. Mwishowe Polepole akarudi nyuma kwa hasira mpaka kwenye tangi, akaegesha, akapanda ngazi bila kumsalimu mtu.

Mama alikwenda na kiti chake siku tatu mfululizo. Wifi yako alisema atamwekea na mto.

Siku ya tatu ndiyo niliyokupigia simu. Polepole alikuwa juu anakula. Ufunguo uko mezani karibu na sahani, mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Mtoto akasema gari linatoa moshi. Akadhani ni utani. Alipofika dirishani boneti ilikuwa imeshaanza kuvimba na kubadilika rangi. Walikimbia na ndoo, na mwenye duka akaleta mtungi wake wa kuzimia moto, lakini huwezi kukaribia moto ule. Zimamoto walipofika hapakuwa na gari tena, palikuwa na chuma cheusi na harufu ya mpira. Lile tangi la plastiki upande mmoja lilikuwa limelegea kama mshumaa.

Mama aliyaona yote akiwa amekaa kwenye kiti chini ya ngazi. Mimi nilifika mbio, nimemwacha mwanafunzi barabarani, nikamkuta amemshika mkono mke wa Polepole. Mkuu wa zimamoto akamwuliza Polepole gari kwa kawaida hulala wapi. Polepole akaonyesha kwa kidole. Yule mkuu akaitazama ile ngazi ya mbao, akatazama juu, nepi zimeanikwa ghorofa ya pili na ya tatu, akavua kofia yake ya chuma akajifuta uso.

"Ni nani aliyekuambia uliondoe pale?"

Polepole akamtazama Mama, halafu akakaa chini kwenye vumbi, akalia. Mama akamwambia ainuke, suruali ni safi.

Kesho yake sikungoja mtihani wala nini. Nililipeleka gari langu karakana likivutwa na jingine, sikuthubutu kuliwasha. Fundi alikifungua kile kisanduku mbele yangu akanionyesha. Nyaya zilikuwa zimelowa, na mmoja umeanza kuwa mweusi. Wanafunzi wangu kumi na mmoja, Dada, kila mmoja alikaa mbele ya kitu kile kwa wiki tatu, kwa sababu mimi nilisoma mstari wa kwanza na wa mwisho. Niliwaita wote nikawaambia na nikawaomba radhi. Wawili walihamia shule nyingine, na haki yao. Tisa walingoja, na nafurahi kukuambia saba kati yao wamefaulu.

Pale karakana nilijifunza jambo jingine. Foleni ilikuwa imetoka nje ya lango, na karibu kila mwenye gari alikuwa ameshika karatasi. Siyo barua ya wakala. Karatasi ya Mama. Nyingine ni kivuli cha kivuli, maandishi yamefifia, watu wamekwenda kuitoa nakala wenyewe. Meneja akaniuliza kama namjua mtu anayeandika hivi. Nikasema, "Ni mama yangu." Sijui kama nimewahi kutamka maneno hayo kwa sauti kubwa namna ile. Watu waligeuka.

Wiki iliyopita wamebandika maneno yake langoni, makubwa kama mlango. Mama alikwenda kuyaona. Alisimama pale akasoma, akatoa kalamu kwenye mkoba, akaingia ofisini kuwaambia wameandika "lipelekwe" badala ya "lipeleke". Wameyachapa upya.

Polepole amepewa gari la kuazima wakati madai yake yanashughulikiwa. Bado hayajaisha na Mama ndiye anayempigia barua zake. Akipita hapa mtaani anapunguza mwendo kweli kweli na kupiga honi ya salamu, na Mama anatoka kumkaripia kwamba honi si ya salamu.

Ijumaa asubuhi nilimsindikiza Mama kwenda kumpelekea Polepole barua ya kutia sahihi. Tulifika wakati watoto wa jengo lile wanashuka kwenda shule, wanasukumana, mmoja kiatu kimoja mkononi. Mama alisimama kando kuwapisha. Nilidhani anapumzisha goti. Kumbe midomo yake ilikuwa inatembea, anawahesabu. Walikuwa kumi na tisa. Hakuinua mguu mpaka wa mwisho alipokanyaga chini, ndipo akaniambia, "Haya, nishike mkono, tupande."

Dada, mpigie simu, lakini usimwambie nimekuandikia yote haya. Atasema nimetia chumvi.

Nisalimie sana shemeji, mwambie ahakikishe gari lake halimo kwenye orodha, na asipitie. Nisalimie wapwa zangu, mkubwa na wale mapacha. Nisalimie na Baba Mdogo akija kuwatembelea. Wifi yako anakusalimu, na huyu asiye na meno anasema hatamsahau shangazi yake. Mungu awalinde mlalapo na mtokapo, na atupe siku ya kuketi sote meza moja na Mama akiwa mahali pake pa mbele.

Ni mimi, ndugu yako uliyenibeba mgongoni, nakupenda sana,

Mdogo wako.