Njahi Mwitu Zilizorukia Motoni

Alhamisi, mwisho wa Septemba 1988. Joto na vumbi. Mawingu yamepita bila hata kututazama. Nimeketi kuandika mara tatu, na mara tatu nimeinuka.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba njahi za mwituni ni watoro wa shambani, eti mbegu iliangushwa na ndege ikaharibika tabia huko porini. Ni kinyume. Ile ya porini ndiyo mama. Ya shambani, yale maharage meusi tunayopika, ni binti yake, aliyelelewa na wanawake.

Alilelewa vipi? Ganda la njahi mwitu likikauka hupasuka lenyewe na kurusha mbegu mbali. Mwanamke wa zamani aliyekwenda kuchuma aliyakuta maganda machache tu yaliyokataa kupasuka. Akala, akabakiza, akapanda. Wajukuu wake wakafanya vivyo hivyo. Pasipo mtu kukusudia, wakapata mmea unaomngoja mvunaji.

Haya niliyafundisha darasani miaka mingi. Ndiyo maana naona aibu.

Tangu nistaafu nimemtafuta mama huyo kwa miguu, vilima vya Makueni hadi Tseikuru. Sababu ni moja: kiangazi kikianza njahi zangu hukauka, na ng'ombe wetu hubaki akilamba vumbi. Ya mwituni hukaa kijani. Nataka kuipanda kando ya ua iwe lishe yake. Mwezi uliopita nikaikuta hapa hapa Kabati, kwenye kichaka cha jirani yangu Mutua. Nikachuma maganda, kofia ikajaa.

Kisha nikafanya kama mama yangu alivyofanya kwa kila mbegu njema: nikayafunga pamoja, nikayaning'iniza juu ya meko ili moshi uyalinde na fukusi.

Juzi yakaanza kulia. Ta! Ta! Mbegu zikarukia motoni.

Mke wangu Kavata alikuwa akikoroga uji. "Baba Mwende, mbegu zako zinapiga risasi! Mwalimu mzima, hukuziambia zikae kimya?"

Tulicheka. Halafu nikatoka nje, nikakaa peke yangu.

Nilizookoa majivuni hazikufika hata kumi, na hizo zimeungua.

Desturi ya meko ni ya njahi zilizokwisha kuzoea watu. Kichwa changu kilijua hivyo. Mikono haikuuliza kichwa.

Jana nilimwendea Mutua, nikamwomba anibakizie kona ya kichaka.

"Mwalimu, umemaliza watoto, sasa unasomesha magugu?" akasema. "Nikikubakizia, nyoka nao watadai yao. Ijumaa asubuhi nafyeka na kuchoma. Chuma unachotaka kabla ya hapo."

Simlaumu. Mvua ikimkuta na kichaka, watoto wake watakula nini?

Nilipita kichakani nikirudi. Maganda mengi yamekwisha kupasuka. Yamebaki machache, mengine mabichi, mengine ndiyo yanaanza kugeuka rangi. Nikajiambia nitarudi jua likipoa. Tangu asubuhi najiambia hivyo hivyo, huku nikieleza habari za mababu kwenye karatasi.

Mzee, weka kalamu chini. Chukua mfuko wa kitambaa, nenda kichakani sasa hivi, chuma kila ganda lililogeuka manjano, na ufunge mdomo wa mfuko kwa kamba.