Kalkuleta ya Dada na Kitufe cha Nukta

Mshauri mpendwa, shikamoo, na hata kama mimi ndiye mkubwa ipokee tu, leo sina kiburi, naomba msaada. Mimi ni fundi wa redio, saa na chochote chenye waya, shule niliiachia njiani lakini nimetembea nchi ambazo wengine wanazisikia kwenye taarifa ya habari, na sijakutana na mashine iliyonishinda, mtaani wananiita Profesa na wala siwakatazi. Sasa nimeshindwa na kalkuleta inayoenea kiganjani.

Ni ya dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama alipotutoka, muuguzi mstaafu wa wodi ya watoto. Si kalkuleta ya dukani hiyo, ilitengenezwa kwa ajili ya madaktari na wauguzi tu, unabonyeza uzito wa mtoto inakuambia umpe dawa kiasi gani, tarakimu zake nyekundu kama kaa la moto, na katika kuzunguka kwangu kote sijaona ya pili. Dada alitembea nayo mfukoni miaka yote ya kazi.

Sasa amelala chumbani kwangu, figo zimekwisha, daktari ametuambia tukae naye tu nyumbani. Juzi akanipa ile kalkuleta niifungue, nikamtania kwamba wagonjwa wengine huomba uji yeye anaomba fundi, hakucheka. Akaniambia kuna mtoto wa kike, mchanga, aliyepewa dawa kupita kiasi akafia mikononi mwake, kwa sababu nukta ya desimali haikuingia kwenye uzito wake, kilo tatu na nusu zikasomeka thelathini na tano, wakubwa wa wodi wakasema ni ugonjwa, dada akanyamaza, na mpaka leo hajui kama alisahau kuibonyeza au aliibonyeza na kitufe hakikukamata. Akanishika mkono.

“Mdogo wangu, wewe ndiye fundi. Niambie, ni mimi au ni mashine?”

Mshauri, nimeifungua, nikasafisha vitufe vyote kwa spiriti kama nianzavyo kila kazi, nikaiunganishia betri za kisasa maana zake hazitengenezwi tena, nikabonyeza ile nukta mpaka kidole kikauma, inakamata kila mara. Haina kosa. Nikatoka uani nikalia, mimi ambaye hata msibani ndiye ninayechekesha watu. Sasa nafikiria kuweka kipande cha plastiki chini ya kitufe kiwe kinaruka mara nyingine bila kukamata, nimpelekee ajionee mwenyewe, afe akijua si yeye. Nitakuwa nimekosea? Nijibu upesi, dada hana muda.

Fundi

JIBU

Pole sana, Profesa, na pole zaidi kwa dada. Barua yako imenitoa machozi. Nimeshayafuta, sasa nikugombeze.

Kipande hicho cha plastiki kitupe. Wewe unamfikiria mtoto mmoja, lakini dada yako aliitumia mashine hiyo hiyo mpaka akastaafu. Ukimwonyesha kwamba nukta ilikuwa inaruka, unadhani atashusha pumzi? Muuguzi huyo? Ataanza kumkumbuka kila mtoto aliyefariki wodini, ambaye yeye aliamini ni homa tu, akijiuliza kama huyo pia alimuua. Utamwondolea kaburi moja umrundikie wodi nzima, naye hata kugeuka kitandani hawezi.

Na usijifanye hakimu pia. Unaniambia haina kosa, wakati umeandika kwa mkono wako kwamba uliisafisha kwanza ndipo ukaijaribu. Kama kulikuwa na uchafu chini ya kitufe, umeufuta wewe, bwana fundi, kwa mazoea ya kazi. Sasa hakuna atakayejua tena. Inauma, lakini ndiyo kweli, na hiyo ndiyo utakayompa: “Dada, leo kinakamata. Siku ile sijui, na nimekisafisha, kwa hiyo sitajua kamwe.” Ukishasema hivyo, funga mdomo. Utani wako weka nje na viatu.

Akitaka mama wa mtoto yule atafutwe, aambiwe ukweli aliofichwa, usimwambie apumzike. Mtafute, hata kama utafukuzwa mlangoni kwa matusi. Hasira yake ni haki yake.

Lakini kwanza vuta kiti, umuulize mtoto yule alikuwaje. Alilala kitanda kipi, alikuwa na nywele gani, alilia vipi. Naamini dada hajawahi kumlilia mbele ya mtu. Mwache alie, na wewe usitoke chumbani.