Komeo la Mpingo

Hodi, mama.

Naanza na hodi kwa sababu ulipokuwa hai sikukupigia. Nilikuwa nainua komeo na kuingia na sahani ya muhogo kama mtu anayeingia kwenye banda la mbuzi. Wewe ulirudi nyuma mpaka ukutani. Nilidhani ni mashetani yako yananiogopa. Kumbe ulikuwa unaniogopa mimi.

Unakumbuka tulivyokimbia vita vya ng'ambo ya Ruvuma? Mimi umenishika mkono, mdogo wangu Somoe mgongoni, hana hata meno. Siku mbili tulijificha kwenye mikoko, miguu ndani ya tope, umemziba Somoe mdomo kwa kiganja asilie. Tulipofika Mpapura kwa kaka yako, watu walisema tumeokoka, tumshukuru Mungu. Tukalima muhogo, tukaokota korosho. Hakuna aliyekuuliza kitu.

Lakini hukulala mlango ukifungwa. Na siku za kulinda shamba, tukipiga madebe kufukuza ngedere, ulimnyakua Somoe ukakimbilia chini ya mikorosho, ukalala kifudifudi juu yake. Tulicheka. "Mama, ni ngedere tu!" nilikuambia, nikalipiga debe tena, kwa nguvu zaidi, ili uzoee. Nisamehe hilo debe la pili.

Ulipopotea siku tatu ukapatikana ukingoni mwa mto, miguu imechanika, mjomba akaamua. Kwetu mjomba akishasema juu ya dada yake, nani atabisha? "Hamisi, una mkono mzuri. Chonga komeo tulitie kwa nje. Ni kumhifadhi, si kumfunga." Nilichagua mpingo ili lisioze. Nikalipiga msasa, mama. Nilijivunia.

Ulikufa kwa homa wakati wa palizi, sote tuko shamba. Somoe ndiye aliyeinua komeo. Alikukuta chini, kichwa kwenye kizingiti. Kaburini nilipewa mbao nizipange juu yako, nikazipanga. Baada ya arobaini niliondoka, sijarudi.

Sasa navunja mawe machimboni, Dar es Salaam. Mwaka jana mawe yalimwangukia mwenzangu niliyekuwa nakula naye sahani moja. Tangu siku ile baruti ikilia naachia nyundo, najikuta nimelala chini, sijui nimefikaje. Wenzangu wakapata utani: "Mmakonde gani anaogopa mshindo, na ngoma zao zile?" Msimamizi akanipeleka kwa Sista Veronika, muuguzi anayekuja kila Alhamisi kutoa ushauri nasaha. Hapo ndipo walipocheka zaidi. "Ushauri nasaha? Kwisha habari yake, kapimwa huyo!" Wao wanajua ushauri huo ni wa ukimwi tu.

Nilitegemea vidonge. Yeye alivuta kiti akakaa pembeni, asinizibie njia, akauliza:

"Kaka Hamisi, mlango niuache wazi au niurudishe?"

"Uache."

"Basi utakaa wazi mpaka wewe useme."

Mama, nililia kwa swali hilo, vumbi la usoni likawa tope. Hakuniuliza kilichonipata. Nilimweleza mwenyewe, Alhamisi ya nne, na sikuanza na mwenzangu. Nilianza na wewe.

Juzi imekuja barua ya shemeji, mume wa Somoe. Somoe amefiwa na mtoto wake wa kwanza, na tangu hapo anakimbilia porini kama wewe. Mjomba alishafariki. "Shemeji," ameandika, "wewe ndiye kaka yake. Komeo la mama bado lipo, zima kabisa. Tunangoja neno lako."

Nilikwenda na barua kwa Sista, nikamwomba aje nyumbani kwetu.

"Mtwara? Nina machimbo manne na miguu miwili, kaka."

"Huko hakuna mtu kama wewe?"

"Hospitali ya mkoa, labda. Mpapura, sijui."

Akanifundisha alichoweza kwa mchana mmoja. Nisimshike kabla ya kumwomba. Nisimtokee kwa nyuma. Nisimlazimishe kusimulia, na akisimulia nisimkatize. "Hii si tiba, usijidanganye," alisema. "Ni kutomwongezea kidonda. Tiba ni mtu aliyefunzwa akae naye miezi. Mpeleke mjini, lakini kwanza mwulize kama anataka."

Nina hasira, mama. Mimi nimepata mtu huyo kwa sababu mwenye machimbo anataka nyundo yangu irudi kazini. Wewe nani alilitaka jembe lako? Ungepata mtu mmoja tu wa kukuuliza habari ya mlango, mimi nisingechonga kitu.

Keshokutwa napanda basi. Mvua zimeanza, na barabara ya kusini unaijua, tunaweza kulala kwenye tope siku kadhaa. Sijui nitamkuta Somoe katika hali gani, wala kama ninachokijua kitatosha. Nadhani hakitoshi. Ila neno langu limetangulia, nimempa dereva wa lori aliyeondoka leo: Somoe asifungwe. Komeo lipasuliwe, apikiwe uji. Mpingo una moto mkali.

Nikifika nitapiga hodi. Asipoitika, nitakaa uani nimngoje.

Mungu akulaze mahali pa wazi, mama.

Mwanao niliyelichonga,
Hamisi