Mbuzi Hakulala Kwangu

Vulamba, Butembo
Jumapili, tarehe 4 Machi 2001

Mpendwa mdogo wangu Melchior,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za Kampala? Mgongo wako uliokusumbua mwaka jana umepona? Na mke wako Jokébed amejifungua salama? Sisi huku tuko wazima. Mvua zimeanza, maharage yameota vizuri, na kwa wiki hizi mbili risasi zimesikika mbali tu. Tunamshukuru Mungu.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, maana nimekasirika.

Barua yako niliipokea kwa dereva wa lori la Kasindi. Nimeisoma, nikaikunja, nikapika, nikala, nikaisoma tena nikidhani njaa ndiyo iliyonifanya niielewe vibaya. Nilikuwa nimeielewa vizuri. Unaniamuru nimtoe Bénite shuleni, nimkataze kukimbia, na kabla ya Pasaka nimpeleke Beni akaolewe na Zacharie, mwenye depo ya bia kule mtaa wa Beu. Unasema michezo imemtia mtoto kiburi. Unasema amewaaibisha wazee wako waliomletea mbuzi. Wazee hao walikueleza nusu tu, na nusu nyingine utaisoma hapa.

Kwanza nikukumbushe ulimwacha mtoto gani. Miaka minne iliyopita, mama yake alipouawa njiani akitoka shambani, ulinikabidhi Bénite mlangoni, hata chai hukunywa, ukapanda gari. Mlango ukijibamiza, mtoto alikuwa chini ya meza. Sufuria ikianguka, alikuwa chini ya meza. Darasani mwalimu akimwita jina, alilia. Mimi nilimwombea, nikampeleka kwa mchungaji, nikamchemshia majani. Hakubadilika.

Aliyembadilisha ni mwalimu Agar, anayefundisha michezo shuleni kwao. Chokaa hawana, kwa hiyo kila msichana anabeba majivu ya jikoni kwao kwenye kopo, na kwa majivu hayo wanachora mistari ya kiwanja. Filimbi mwalimu hataki, kwa sababu askari nao wanapiga filimbi na watoto wanashtuka. Anagonganisha vifuniko viwili vya sufuria, paa! Wasichana wanaondoka.

Siku ya kwanza Bénite aliposikia mlio huo alikimbilia vichakani, na iliwachukua mchana mzima kumtoa. Mwalimu hakumcheka. Kesho yake akampa yeye vifuniko avigonge. Ndivyo alivyoanza, Melchior, kwa kuwagongea wenzake, mpaka mlio ukawa wa kwake.

Alipoanza kukimbia akawa na ugonjwa mwingine: kutoka kabla ya wakati. Kwa Agar, anayetoka kabla ya mlio anafagia kiwanja chote peke yake. Mtoto wako alifagia sana. Alifika nyumbani amenuna, vumbi mpaka kwenye nyusi, lakini kidogo kidogo akajifunza kungoja. Siku hizi analala mapema bila kuambiwa, anachota maji kabla ya jua, daftari zake ni safi. Mwaka huu yuko darasa la tano la sekondari, na anayeongoza sala ya asubuhi mbele ya shule nzima ni yeye. Yule wa chini ya meza! Nikiisikia sauti yake natokwa na machozi, tena sioni haya kukuambia.

Sisemi mbio zinaokoa kila mtu. Mumbere, kijana wa jirani yangu, aliwapita wavulana wote wa hapa, na mwaka jana akaenda msituni na wenye silaha. Mama yake bado anamwekea chakula. Najua mbio haziwezi nini. Ila kwa binti yako nimeona kwa macho yangu zimeweza nini.

Sasa habari ya mbuzi. Ilikuwa siku ya soko la Musienene, na Vulamba nzima inajua kwamba siku hiyo mimi siko, nimekwenda kununua viazi. Rafiki yako Zorobabel alijua vilevile. Akaja na watu wawili wa Zacharie, wakamfunga mbuzi kwenye mparachichi wangu, wakamwambia jirani Kahongya, "Hii ni mbuzi ya shangazi," wakaenda zao. Unajua maana yake. Kwetu mbuzi wa shangazi akilala uani kwa shangazi, neno limekubaliwa, hata kama shangazi hakufungua mdomo. Walitaka nikubali kwa kulala usingizi! Mahari ya mtoto niliyemlea mimi, wanaileta kama wezi.

Nilipofika na mzigo kichwani nikamkuta mnyama anakula maua yangu, nilikaa chini. Miguu yangu unaijua, mbio haiziwezi. Zorobabel anakaa upande wa pili wa mji, na wageni wake walikuwa wakingoja gari la saa kumi, maana hakuna dereva anayeipenda barabara ya Beni giza likiingia. Gari likiondoka bila mbuzi, basi, neno limekubaliwa.

Bénite akarudi kutoka mazoezini. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. Akauliza swali moja tu: "Tante, uliikubali?"

Nikamwambia, "Hapana. Hata sikuiona."

Akafunga kitenge juu ya kaptula, kaptula ambayo niliishona mimi, uache kumlaumu mwalimu. Mbuzi alikataa kutembea. Akambeba mabegani, akaondoka mbio.

Kwenye kizuizi askari walimsimamisha. Mmoja akamwambia, "Petite, acha ile mbuzi hapa, tuko na njaa." Unajua wasichana wangapi wamefika kizuizini hapo wakashindwa hata kutaja jina lao. Bénite akamjibu, "Hii mbuzi ni ya mahari, chef. Mwenye kuikula atajibu ku tante yangu, na tante yangu ni mukali." Askari wakacheka, wakampisha. Namshukuru Mungu.

Kwa Zorobabel aliwakuta wazee wako wanakula. Na hapa ndipo unapodanganywa kwamba aliingia kwa kelele. Mke wa Zorobabel mwenyewe alinisimulia jinsi ilivyokuwa. Mtoto alimfunga mbuzi mlangoni, akasimama na jasho lake, akangoja wamalize kula, wanawe mikono, mkubwa amruhusu. Gari liko njiani na yeye anangoja! Ndipo akapiga goti akasema, "Jambo yenu, bapapa. Mbuzi yenu njo hii. Tante hakukuwa ku nyumba, sasa amerudi na anaikatala. Miye niko nasoma kwanza. Aksanti."

Zorobabel akafoka, "Ni kiburi hiyo! Nani alikufundisha kusema mbele ya bakubwa?"

Akasema, "Papa, nilingoja mumalize."

Hicho ndicho kiburi chako, Melchior. Na kinaniuma zaidi kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa mkimbiaji. Baba aliuza kondoo ili upate viatu, na kila Krismasi tulikaa tukikusikiliza: mbio zimenifanya mwanaume, mbio zimenifunza kujitawala. Tulichoka nazo hizo hadithi! Kwa mvulana iliitwa nidhamu. Kwa binti yako imegeuka kuwa aibu? Nijibu hilo kabla hujaniamuru jambo jingine.

Kwa hiyo Zacharie atafute mke wa rika lake. Bénite anamaliza shule. Mbuzi mwingine akiletwa nitamrudisha mimi, na sitangoja mtu amalize kula. Umekuwa baba wa barua muda mrefu, na sitakubali umwoze kwa barua.

Wiki moja baada ya Pasaka shule za huku zitashindana na za Beni. Watakwenda kwa gari la parokia, nami nitakaa ndani na wasichana. Mbio ndefu zinapita Beu, mbele ya depo ile ile. Zacharie akitaka kumwona, asimame mlangoni apige makofi kama watu wengine.

Kahongya anakusalimu. Shangazi Kyakimwa anakusalimu, macho yake hayaoni tena. Mwanangu Jéthro anaulizia mpira uliomwahidi. Msalimie Jokébed, na umbusu mtoto kama amezaliwa. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na akulainishe moyo.

Salamu za Bénite sina. Yuko hapa anapepeta maharage, nikamuuliza nimwandikie nini baba yake. Akasema, "Papa akuje pa kiwanja, nitamusalimia kule."

Basi njoo Beni. Kwa uso huenda usimtambue, amekuwa mrefu. Angalia kwenye mstari wa majivu, wakati wengine wanasukumana. Yule aliyetulia, anayengoja mlio, ndiye wako.

Mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda na hasira zangu zote,

Kavuo