Koti la Mzee Idwali

Northfield, Birmingham
Ijumaa, baada ya swala

Kwa mdogo wangu Ridwan,

Nakusalimu kwanza kisha nikugombeze, maana mama alitulea hivyo: hata mtu uliyemkasirikia mpe salamu yake. Assalaam alaykum. Hujambo? Mkeo hajambo? Na hilo goti lako limepoa, au bado unalipaka mafuta ya taa? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mwanangu Haroun yuko kwenye kazi yake ileile kule Aston, ghala la vipuri vya magari. Mwanawe, Nasreen, yuko chuoni. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na kwenye chakula tunaelewana. Baridi ipo. Magoti yangu usiyaulize.

Sasa tuje kwako. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia wote, mpaka pale ulipokohoa. Umesema dada yako akili imechakaa, amevaa koti la mwanamume na kucheza mbele ya jeneza la Mkristo, na video imefika hadi barazani kwenye msikiti wa Handeni, na wewe katibu wa msikiti hujui uso wako uuweke wapi. Ukauliza na koti nimelitoa wapi. Subiri, utajua. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu simu ndiyo iliyotuletea haya, na barua huwezi kuikatiza katikati. Keti usome. Darasa la nne nililoishia linatosha kukutia adabu.

Marehemu alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Jina lake Idwal Probert, mimi nikimwita Mzee Idwali. Siku niliyohamia hapa nilimwita Mwingereza, akasimama pale penye mapipa ya taka, akainua kidole kimoja juu kama anayepima upepo, akaniambia yeye ni mtu wa Wales, wana nchi yao na lugha yao, na nisirudie tena. Nikamwambia mimi ni Mzigua na sijazoea kuinuliwa kidole. Tukaanzia hapo.

Baba yake alichimba makaa ya mawe. Mama yake alitaka mtoto awe mhubiri, lakini yeye akatoroka akaenda London kuigiza. Kwanza walimpa mkuki asimame nyuma kama askari asiyesema neno. Baadaye akawa wafalme, akawa wauaji, kisha televisheni ikamfanya daktari kwa miaka mingi, hata akawa mzee na bado wanawake humu madukani Northfield wanamsimamisha wamwonyeshe vifundo vya miguu. Yeye anatazama kwa makini, anawaambia wapumzike. Nilimwambia ataua mtu. Akasema wale madaktari wa kweli wanasema hivyohivyo.

Televisheni ilipomchoka akawa mwongozaji, yaani yule anayekaa chini gizani na kuwaambia wenzake hapo umekosea, rudia. Alichukua ukumbi kule Shard End, mtaa wa watu wa kazi, akawafundisha kuigiza akina mama, vijana wasio na kazi, hata dereva wa basi mmoja, Kalasinga anaitwa Lakhbir. Neno lake lilikuwa moja, "Tena." Hata ufanye vizuri namna gani, atainua kidole, atasema tena. Na mimi aliniongoza bila kuombwa. Akiniona natoka dukani ananiambia natembea kama niliyejitwika ndoo ambayo haipo. Namjibu chai yake isiyo sukari ni maji ya kuoshea maiti. Anacheka mpaka anashika ukuta.

Ndipo nikamweleza utani. Nikamwambia sisi Wazigua watani wetu ni Wanyamwezi, na kwa kuwa huku sina Mnyamwezi, basi atakuwa yeye. Nikamweleza na ya misibani. Wewe Ridwan ulikuwa mdogo, lakini huwezi kusema umesahau. Baba alipokufa, mama alikaa kama jiwe, hali, halii. Akaja yule mtani wetu Mnyamwezi amevaa kanzu ya baba na kofia ya baba, akaingia anachechemea kama baba, akauliza kwa sauti ya baba nani ametia chumvi nyingi kwenye mchuzi. Mama akacheka. Kisha akalia, akalia mpaka akapona. Na wewe ulicheka hadi ukaanguka juu ya mkeka. Siku ile hakuna aliyeuliza uso wake auweke wapi.

Mzee Idwali aliposikia hayo aliweka kikombe chini. Akaniambia amekufa jukwaani mara nyingi kuliko anavyokumbuka, na hajapata kuona mazishi mazuri kama hayo.

Alikuwa na binti mmoja, Eluned, mwalimu, anaishi mbali kaskazini. Hawakuwa wakisemezana. Usiku mama wa yule binti alipofariki, Idwali alikuwa jukwaani London. Wakampigia simu wakati wa mapumziko ya mchezo. Akaisikia habari, akaweka simu, akarudi jukwaani akamaliza mchezo, na watu wakampigia makofi. Binti hakumsamehe. Mimi nilimwambia wazi kwamba kosa ni lake. Hakubisha. Mapafu yalipomshika, barua alizomwandikia zilirudi hazijafunguliwa. Nikawa nampelekea uji wa pilipili manga, namgombeza anywe, na kila gari likisimama nje anageuza kichwa dirishani. Alitaka jambo moja tu, binti yake amlilie. Binti hakuja.

Kwenye maziko alikuja. Jeneza waliliweka palepale ukumbini Shard End, kabla ya kwenda makaburini. Eluned alikaa mbele, mgongo umenyooka, saa mkononi, kama mtu aliyekuja kupokea mzigo aweke sahihi aondoke. Watu wakasimama mmoja mmoja wakamsifu marehemu. Sifa tupu, Ridwan, ungedhani wanamzika malaika. Jicho la yule binti kavu. Nikaona huyu mzee atatiwa ardhini bila chozi la damu yake.

Nikainuka. Nikavaa lile koti lake la kijani lenye kola pana, nikavaa na skafu yake nyekundu, nikapita katikati navuta mguu wa kushoto kama yeye. Nikafika kwenye jeneza, nikalitazama, nikainua kidole, nikasema, "Tena. Hujafa vizuri." Lakhbir akaangua kicheko, ukumbi mzima ukamfuata. Hapo ndipo video yenu inapokatika. Mmehukumu nusu. Nasreen, ambaye ndiye aliyekuwa akirekodi, alishusha simu kwa sababu kilichofuata kilimliza.

Sikusali sala yao, kama hilo ndilo linalokukosesha usingizi. Nilikwenda kwa mtani wangu.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Nasreen halijui. Koti alinipa mwenyewe. Aliponiona sina mzaha na habari ya utani, alinifundisha. Majira yote ya mvua zile za mwisho alikaa kitandani na mito mgongoni, mimi navuta mguu chumbani kwake nikiwa nimevaa koti lake, yeye anakohoa na kusema tena. Mguu si huo, Mize. Kidole juu zaidi. Usichekeshe, tembea tu, watacheka wenyewe. Ule mchezo mliouona kwenye simu ndio wa mwisho aliouongoza, na mwigizaji alikuwa dada yako. Alisema nina kipaji. Liseme na hilo barazani.

Na alinipa maneno ya kumwambia binti. Maneno mazuri mno, yana nyota na bahari ndani yake. Niliyashika yote kichwani kama nilivyozishika sura za Kurani chuoni utotoni. Lakini nilipofika mbele ya yule mwanamke, akaniinulia macho, nikajua nikiyasema atamsikia baba yake anaigiza tena. Nikayaacha. Mwongozaji wangu yumo jenezani, nami nikamwasi.

Nilisema lile aliloniambia siku moja akiwa na kikombe mkononi, bila kujua kwamba nalitia akilini. Nikasema kwa Kiingereza changu cha sokoni, kwa sauti yake, "Mimi Idwali ni mwoga. Nilirudi jukwaani kwa sababu kule nilijua neno linalofuata. Nyumbani sikulijua."

Eluned akafunika mdomo. Kwanza nilidhani amekasirika. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akanishika koti kwa mikono miwili, akalia kwenye ile kola, anaita kwa lugha yao neno ambalo nadhani ni baba. Mimi nilisimama tu, nimevuta mguu vilevile, nikaogopa nikiunyoosha atakumbuka kuwa ni mimi.

Jumapili iliyopita amekuja hapa kwangu. Nilidhani anataka koti, nikalikunja tayari. Hakulichukua. Amekunywa chai, na sukari ametia. Akaniomba nimwonyeshe tena baba yake anavyotembea. Nikavaa, nikatoka jikoni hadi mlangoni. Akanitazama amefumba jicho moja, akainua kidole, akasema mguu si hivyo, tena.

Basi nakusalimu, ndugu yangu. Msalimie mkeo na watoto wote, na hao wa barazani wape salamu zangu kwa majina yao. Wasomee barua hii, usiruke mahali. Nami siku yangu ikifika, mnitafutie Mnyamwezi avae kanga zangu, agombeze watu wote waliokaa vibaya. Asinipambe kwa sifa. Ukinipamba wewe, nitaamka.

Ni mimi dada yako, uliyedhani amepotea,
Mize

Goti lako, acha kulipaka mafuta ya taa. Pumzika.