Nyayo kwenye Vumbi la Rangi

Jumatatu, 5 Juni
Sijamwambia mtu yeyote, kwa hiyo nakuambia wewe, daftari langu: sitaki kusomea usaidizi wa daktari wa meno. Mama ameshaniandikisha, masomo yanaanza Agosti. Mimi nataka kupuliza rangi kwenye fanicha, kama Baba. Na ndiyo kazi iliyomla Baba kifua! Miaka yote ile kwenye chumba cha rangi kiwandani, sasa akipanda ngazi anapumzika katikati. Daktari alimkataza kusogelea rangi ya kupuliza. Moja kwa moja.

Shangazi Verlene, dada yake Baba, ana duka mjini Morganton la fanicha za zamani zilizopakwa upya. Amenipa kabati la droo nne nijaribu. Likitoka vizuri, ataniajiri. Mama anadhani najifurahisha tu baada ya shule kuisha.

Nafanyia kwenye chumba cha chini ya nyumba. Nje haiwezekani, visubi wanatua kwenye rangi mbichi na kufia hapo. Nimetundika nailoni pande zote. Feni iko dirishani, inatoa hewa nje. Nimezima hita ya maji isije ikalipuka na mvuke wa rangi. Mlango wa ngazi nimeuziba kwa taulo bichi, vumbi lisimfikie Baba.

Jumanne, 6 Juni
Vibaya. Vibaya sana. Juu ya kabati kumekwaruza kama msasa. Ile rangi inayokosa mbao hukauka hewani ikawa vumbi, na vumbi lenyewe limerudi kutua kwenye rangi mbichi. Limefika kila mahali! Kwenye baiskeli, kwenye kope zangu, kwenye mitungi ya kioo ya matango ya siki ya Mama.

Mama alipitisha kidole kwenye mtungi. "Nani kaniletea theluji Juni hii?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Safisha, Delphie, kabla baba yako hajaivuta. Kifua chake ndicho kilichonunua nyumba hii. Inatosha."

Baba alikula maharage na mkate wake wa mahindi. Alizitazama tu nywele zangu, jinsi zilivyokuwa nyeupe.

Jumatano, 7 Juni
Leo nilikuwa na zamu ya asubuhi kwenye duka la mikate ninakofanya kibarua. Mama kazini, kwenye makao ya wazee. Nimerudi saa nane, nikashuka na msasa wangu kwenda kusugua.

Kabati lilikuwa laini!

Lote, ila droo mbili ambazo bado sijazipaka. Limesuguliwa, limepulizwa upya, hakuna mchirizi hata mmoja. Nilikaa chini mbele yake kama mjinga. Ndipo nikaziona — nyayo kwenye vumbi jeupe. Soli pana, ya kushoto inaburuzwa kidogo.

Baba.

Nimelowesha sakafu kwanza, vumbi lisiruke, kisha nimefuta nyayo zote. Chakula cha jioni nimekaa mbele yake na sikusema kitu. Kwa nini sikusema?

Alhamisi, 8 Juni
Usiku Baba alikohoa. Ukuta wetu mwembamba. Asubuhi Mama akamuuliza, Royce, kikohozi hicho umekiokota wapi? "Chavua," akasema. "Mwaka huu miti imechachamaa."

Mama alipofungulia maji kuosha vyombo, Baba akainamia kikombe chake, hanitazami. "Anzia karibu yako, uelekee kwenye feni. Vumbi litue pale ambapo hujapaka bado. Ukifika hapo utalifunika. Wewe ulianzia kwenye feni ukarudi nyuma, sivyo?"

Ndivyo.

Mama akafunga bomba. "Mnanong'ona nini nyie wawili?"

"Kupiga deki," Baba akasema.

"Wewe? Deki? Bwana asifiwe!"

Mchana nimepuliza zile droo mbili kwa njia yake. Laini. Hizo ni zangu! Nimezishika tena na tena baada ya kukauka.

Ijumaa, 9 Juni
Shangazi Verlene amekuja. Miwani puani, kila droo anavuta, kila kona anapapasa. Alifika sehemu ya juu akapitisha kiganja mara mbili. "We mtoto, una mkono wa kaka yangu. Nisingejua hali yake ningesema ni yeye."

Baba alikuwa nyuma yake na chai yake ya barafu. "Mimi? Mimi siku hizi wa kutazama besiboli tu."

Umebaki mkono wa mwisho wa rangi sehemu ya juu, Shangazi anasema, Jumanne analichukua kabati. Kazi ninayo. "Utamwambia mama yako, au nimwambie mimi?"

Nikasema nitamwambia mwenyewe. Sijamwambia. Nitaanzaje? Kilichosifiwa zaidi si changu.

Jumamosi, 10 Juni
Nimenunua maski ya pili, yenye vichujio, kubwa. Nimeitundika kwenye msumari kando ya yangu. Jioni nimeikuta mikanda yake imelegezwa, saizi ya kichwa cha Baba.

Nimefurahi. Halafu nimeona aibu. Daktari hakusema "ila akivaa maski".

Jumatatu, 12 Juni
Tanuri la duka la mikate limekufa, wameturudisha nyumbani mapema. Nimeingia jikoni — kompresa, ile mashine ya hewa ya kupulizia rangi, inanguruma chini.

Nimefungua mlango wa ngazi kidogo. Baba, maski usoni, bunduki ya rangi mkononi. Anapuliza juu ya kabati. Mkono hauendi peke yake, mwili mzima unaufuata, taratibu, kama mtu anayecheza na mtu asiyeonekana. Hapumziki. Hajashika ukuta. Sijamwona hivi tangu nikiwa mtoto.

Ningeweza kumwita. Badala yake nimefunga mlango, nimekaa mezani nakuandikia.

Anakohoa. Kirefu. Kompresa haizimwi. Anakohoa tena. Ilibidi nimkanye siku ile ya nyayo! Nilichokuwa nalinda ni nini, furaha yake au kabati langu?

Gari. La Mama! Mbona mapema? Anapaki. Atanikuta hapa jikoni, mikono misafi, na chini kompresa inanguruma.

Nashuka. Namnyang'anya hiyo bunduki, akatae asikatae, nampeleka dirishani apate hewa. Nitamaliza mwenyewe, kutoka karibu kwenda kwenye feni. Likikwaruza, Shangazi aone hivyohivyo. Na habari ya Agosti namwambia Mama leo, kwa sababu hiyo ni yangu.

Hii siri nyingine, ya kwamba anapuliza tena, ni ya Baba, aiseme yeye. Mlango wa gari umefungwa. Kaa nayo wewe, tafadhali. Usimwambie mtu.